Chai, Vidonge, Sindano au Taichi: Kuchagua Njia ya Kichina ya Kuusaidia Mwili Msimu wa Mafua Dar es Salaam

Kipupwe kinapoingia Dar es Salaam, kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri hupoa, upepo wa kusi huvuma, na mafua huanza kupita nyumba hadi nyumba. Maswali hurudi yale yale: ninywe nini, ninunue nini, niende wapi ili mwili usishindwe? Majibu mengi siku hizi huja kwa jina la tiba ya Kichina, na mtu anayepita Kariakoo au anayefungua simu yake hukutana na vidonge vya mitishamba, matangazo ya akupancha, yaani tiba ya sindano, video za mazoezi ya taichi na mapishi ya tangawizi, vyote vikiahidi jambo moja. Makala haya ni ya yule aliyekwama kati ya njia hizo nne na ambaye hana fedha wala muda wa kuzijaribu zote.

Mambo mawili yatangulie. La kwanza ni kwamba msimu wetu si msimu wa Beijing. Kaskazini mwa China mafua makali hupanda hasa wakati wa baridi kali, kati ya Desemba na Februari, na maelekezo mengi ya Kichina juu ya kujiandaa na mafua yametungwa yakiwa na majira hayo akilini. Katika nchi za tropiki virusi vya influenza, yaani vya mafua makali, huzunguka karibu mwaka mzima na kupanda kwa vipindi visivyotabirika sana. Kwa hiyo maandalizi ya mkazi wa Dar es Salaam hayawezi kuwa ya wiki mbili. Yanapaswa kuwa kitu anachoweza kukaa nacho kwa miezi.

La pili ni la usalama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufariki duniani kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana na influenza, na walio hatarini zaidi ni wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya kudumu. Chanjo ya mafua, ambayo hupatikana katika baadhi ya hospitali binafsi, ndiyo kinga yenye ushahidi mzito zaidi, na hakuna njia yoyote kati ya hizi nne inayoweza kushika nafasi yake. Isitoshe, homa katika jiji hili haipaswi kudhaniwa tu kuwa ni mafua: huenda ni malaria, na huenda ni dengi, iliyolipuka hapa mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mwenye homa apime malaria kwanza, kisha ndipo azungumze habari za mitishamba.

## Vigezo vya ulinganisho

Nimezipima njia zote nne kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni wakati wake: je, njia hii imekusudiwa kumwandaa mtu mzima wa afya, au kumsaidia aliyeanza kupiga chafya leo asubuhi? Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na wauzaji hawana haraka ya kuyatenganisha. Cha pili ni ushahidi, yaani kile kilichopimwa kwa watu halisi, mbali na sifa za mapokeo. Cha tatu ni usalama, hasa kwa mtu anayetumia dawa nyingine za hospitali. Cha nne ni gharama na upatikanaji hapa jijini. Cha tano ni nani hasa anafaidika nayo.

Sikuweka kigezo cha «nguvu», ingawa ndicho kinachotajwa zaidi madukani. Kinga ya mwili si taa ambayo mtu huiongezea mwanga kwa kupandisha swichi. Kinga iliyochochewa kupita kiasi nayo ni ugonjwa, kama wajuavyo wenye pumu na wenye maradhi ya baridi yabisi.

## Tiba ya Kichina inavyoyaona mafua

Bila kuelewa jambo moja la nadharia, mtu hununua dawa isiyo yake. Katika mapokeo ya Kichina mwili huzungukwa na nguvu ya ulinzi iitwayo wei qi, inayotegemea mapafu na mfumo wa chakula. Ugonjwa huingia kwa «upepo», na upepo huo huja ama na baridi ama na joto. Mwenye upepo wa baridi husikia baridi kali, hatoki jasho, kamasi zake ni nyepesi na nyeupe, na mwili unamuuma. Mwenye upepo wa joto huumwa koo, huona kiu, homa yake huwa juu na kamasi zake ni nzito za njano. Matibabu ya hali hizi mbili yanapingana: ya kwanza hupashwa moto, ya pili hupozwa.

Msingi huu ni wa kale. Zhang Zhongjing aliandika juu ya magonjwa ya baridi mwishoni mwa utawala wa Han, yapata miaka 1,800 iliyopita, na Wu Jutong akaandika juu ya magonjwa ya joto mwaka 1798. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa kama maelezo ya ugonjwa. Virusi, kwa vyovyote vile, havikujulikana kwa waandishi hao. Lakini anayetaka kutumia dawa za mapokeo haya hawezi kuuruka, kwa kuwa ndio unaoamua ni mchanganyiko upi hupewa nani. Hapa jijini tumezoea kinyume chake: tangawizi na limau kwa kila mtu, kwa kila mafua, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa nyungu. Mwalimu wa Kichina angemzuia mwenye koo jekundu linalowaka asinywe tangawizi nyingi.

## Njia ya kwanza: jikoni

Hapa ninamaanisha chakula na vinywaji vinavyotayarishwa kwa mantiki ya Kichina kutokana na vitu vya sokoni. Kinachojulikana zaidi ni kinywaji cha tangawizi mbichi iliyokatwa vipande, sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani, na sukari ya kahawia, ambayo kwetu sukari guru huishika nafasi yake vizuri. Huchemshwa kwa dakika chache, hunywewa moto, kisha mtu hujifunika hadi atoke jasho jepesi, si la kutiririka. Kwa mwenye dalili za joto, jiko la Kichina hutumia mnanaa na maua makavu ya krisanthemu. Na kwa anayejiandaa tu, kuna supu ya kuku iliyopikwa na mzizi wa mmea wa dawa uitwao huangqi na tende za Kichina, ambazo ni matunda ya jamii moja na kunazi zetu, pamoja na uji mwepesi wa mchele, ambao watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa.

Wakati wake. Supu na uji ni vya maandalizi. Kinywaji cha tangawizi ni cha saa za mwanzo za upepo wa baridi. Anayekunywa tangawizi kila siku kwa miezi mitatu akidhani anajenga ukuta anafanya jambo ambalo hata mapokeo yenyewe hayakulikusudia.

Ushahidi. Tangawizi imeonyesha uwezo fulani dhidi ya virusi katika maabara, lakini maabara si mwili, na hakuna jaribio kubwa linaloonyesha kuwa huzuia mafua. Asali imepimwa vizuri zaidi: kwa watoto wenye kikohozi hupunguza kikohozi kuliko kutopewa kitu. Faida nyingine, iliyo dhahiri ingawa haina fahari, ni kwamba mgonjwa anayekunywa supu na vinywaji vya moto hapungukiwi maji mwilini na anapata lishe wakati ambapo hamu ya chakula imemtoroka.

Usalama. Hii ni njia yenye hatari ndogo, ila haikosi mipaka. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa wa botulizimu. Mwenye kisukari aache sukari guru. Mwenye vidonda vya tumbo tangawizi kali itamuunguza, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiifanye tangawizi kuwa dawa ya kila siku kabla ya kuuliza.

Gharama na upatikanaji. Vitu vyote, isipokuwa huangqi, tende za Kichina na krisanthemu, vinapatikana Kisutu, Ilala, Tandale na kwenye genge lililo karibu nawe. Kati ya njia zinazohitaji kununua kitu hakuna ya bei nafuu zaidi, na hakuna inayopoteza kidogo zaidi ikishindwa, kwa kuwa supu iliyoshindwa kuzuia mafua bado ni chakula cha jioni.

Inamfaa nani. Familia nzima, mwenye kipato kidogo, na mtu ambaye tayari anatumia dawa nyingi za hospitali na hataki kuongeza nyingine. Haimfai anayetaka dozi iliyopimwa, wala asiye na muda wa kupika.

## Njia ya pili: mitishamba iliyofungashwa

Njia hii ndiyo yenye mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo yenye biashara kubwa zaidi na ndiyo inayoweza kumdhuru mtu asiyesoma kibandiko.

Wakati wake. Michanganyiko hii hugawanyika waziwazi. Yu Ping Feng San, yenye mitishamba mitatu tu, yaani huangqi, baizhu na fangfeng, ni ya maandalizi: hupewa mtu dhaifu anayetoka jasho ovyo na kushikwa na mafua mara kwa mara, na kwa kawaida husimamishwa akishapata homa. Yin Qiao San, inayotokana na kazi ya Wu Jutong, ni ya siku ya kwanza na ya pili ya upepo wa joto. Lianhua Qingwen, iliyovuma sana wakati wa UVIKO-19, ni ya mgonjwa na si ya mzima. Kuimeza kila siku kama kinga ni kuitumia kinyume na kusudi lake. Kuna pia Huoxiang Zhengqi, ambayo hutolewa kwa mafua yanayoambatana na tumbo kuvurugika katika hali ya joto na unyevu, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaijua vyema.

Ushahidi. Wauzaji hupenda kutaja dawa mseto ya malaria, na wana haki ya kuitaja: artemisinini, kiini cha dawa hiyo, ilitolewa kwenye mmea wa qinghao na kikundi cha Tu Youyou mwaka 1972, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini hadithi hiyo inasaidia upande mwingine wa mjadala. Mmea huo ulikuwa umetajwa katika maandishi ya Kichina kuwa dawa ya homa tangu karne ya nne, na uligeuka kuwa dawa ya kutegemewa pale tu kiini chake kilipotolewa, kikapimwa na kujaribiwa kwa wagonjwa. Michanganyiko mingi ya mafua haijafika hapo. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio ya mitishamba ya Kichina dhidi ya mafua waligundua kuwa mengi yalifanywa kwa namna dhaifu kiasi kwamba hayawezi kuthibitisha wala kukanusha.

Lipo jaribio moja linalostahili kutajwa. Wakati wa mlipuko wa H1N1, aina mojawapo ya influenza, wa mwaka 2009, watafiti nchini China waliwagawa wagonjwa 410 katika makundi manne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa mchanganyiko uliounganisha Maxing Shigan, mchanganyiko mwingine wa mapokeo, na Yin Qiao San ulishusha homa mapema kuliko kutopewa dawa ya virusi, kwa kiwango kilichokaribiana na oseltamiviri, dawa ya hospitali dhidi ya virusi vya influenza. Hata hivyo kundi la kulinganisha halikupewa dawa bandia, hivyo wagonjwa walijua nani anatibiwa na nani hatibiwi. Zaidi ya yote, jaribio hilo lilihusu watu waliokwisha kuugua. Halisemi lolote juu ya kuwakinga wazima.

Usalama. Neno «asili» halimlindi mtu. Mahuang, uliomo katika Lianhua Qingwen na katika mchanganyiko wa jaribio lililotajwa, una efedrini, ambayo hupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo; Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Gancao, yaani mzizi wa likorisi, umo katika michanganyiko mingi mno, na ukitumiwa kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini. Huangqi huchochea kinga, na kwa sababu hiyo hiyo haimfai aliyepandikizwa figo na anayemeza dawa za kuituliza kinga.

Lakini hatari ambayo ningependa kila msomaji aikumbuke iko kwenye vidonge vinavyoonekana vya kawaida kabisa. Aina kadhaa za Ganmaoling huwa na parasetamo, kafeini na klofeniramini ndani yake, pamoja na mitishamba. Vidonge vya Yin Qiao vilivyoongezwa vitamini C navyo mara nyingi huwa na parasetamo na klofeniramini. Jambo hili huandikwa kwenye kibandiko, ila mara nyingi kwa Kichina. Mtu huvimeza akiamini anatumia majani, kisha anaongeza Panadol kwa sababu kichwa bado kinauma, na kumbe anazidisha parasetamo, ambayo ikizidi huharibu ini. Klofeniramini nayo humletea usingizi dereva wa bodaboda. Vilevile Huoxiang Zhengqi ya maji hutengenezwa kwa kilevi cha kiwango kikubwa. Mwislamu atataka kulijua hilo, na anayetumia metronidazo (Flagyl), isiyopaswa kuchanganywa na kilevi, analazimika kulijua. Wanaojali uhalali wa gamba la kapsuli nao waulize jelatini yake imetokana na mnyama gani.

Gharama na upatikanaji. Gharama ni ya kati kwa pakiti moja, lakini hupanda haraka pale muuzaji anaposisitiza «dozi ya miezi mitatu». Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa chini yake ndilo linalosajili waganga, vituo na dawa za namna hii; Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba husimamia dawa za hospitali. Kuomba kuona namba ya usajili si utovu wa adabu. Dawa isiyo na orodha ya viambato katika lugha unayoisoma, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, au inayodaiwa kutibu mafua, presha, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, iachwe kaunta.

Inamfaa nani. Mtu mzima mwenye afya, asiyetumia dawa nyingine, anayeweza kusoma viambato au kumuuliza mfamasia, na ambaye amepimwa na mtaalamu akaambiwa ana hali ipi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye presha, ini au figo yenye matatizo, na anayetumia ARV wasijinunulie.

## Njia ya tatu: akupancha, moksa na kuumika

Akupancha ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili; moksa ni kupasha joto sehemu hizo kwa majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga yaliyosokotwa na kuwashwa. Sehemu inayotumiwa zaidi kwa kuimarisha mwili ni Zusanli, vidole vinne chini ya goti upande wa nje. Kuumika kwa Kichina hufanywa kwa vikombe vya moto bila kuchanja, na hapo ndipo kunapotofautiana na hijama, ambayo wengi jijini wanaifahamu.

Wakati wake. Hasa maandalizi, kwa vikao vinavyorudiwa wiki kadhaa. Mwenye homa kali na mafua ya kuambukiza abaki nyumbani. Kumbebesha foleni za barabarani hadi kliniki si kumsaidia, na wenzake waliomo ndani ya gari hawana hatia.

Ushahidi. Kwa maumivu na kwa kichefuchefu baada ya upasuaji au tiba ya saratani, akupancha ina ushahidi unaoheshimika; jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikiri hivyo kuhusu kichefuchefu mwaka 1997. Kwa kuzuia mafua tafiti ni chache na ndogo. Wapo wanaosema baada ya vikao hulala vizuri na hupungukiwa na msongo wa mawazo, na usingizi mzuri kwa hakika husaidia kinga ya mwili. Hata hivyo, mtu asilipie vikao vingi kwa sababu ya mafua pekee.

Usalama. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako na zitupwe baada ya matumizi, kwani sindano iliyorudiwa inaweza kueneza homa ya ini aina ya B na VVU. Mara chache sana sindano iliyochomwa vibaya kifuani hutoboa mfuko wa pafu. Mjamzito amweleze mtaalamu hali yake kabla, kwa kuwa zipo sehemu ambazo mapokeo yenyewe yanakataza kuzichoma. Moksa hutoa moshi mwingi, jambo ambalo mwenye pumu hatalifurahia.

Gharama na upatikanaji. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, zikiwa na wataalamu wa tiba hii, na kliniki binafsi zipo jijini. Hii ndiyo njia ya gharama kubwa zaidi kati ya nne, ukihesabu nauli na saa za kazi zinazopotea. Uliza mapema kama bima yako inailipia.

Inamfaa nani. Mwenye sababu nyingine ya kuihitaji, kama maumivu ya mgongo au kukosa usingizi, ambaye manufaa yoyote dhidi ya mafua kwake yatakuwa nyongeza. Pia humfaa asiyeweza kumeza dawa zaidi.

## Njia ya nne: taichi na mazoezi ya pumzi

Taichi na mazoezi jamaa zake, kama baduanjin lenye miondoko minane, ni mwendo wa polepole unaoambatana na pumzi nzito na akili iliyotulia.

Wakati wake. Maandalizi tu. Mgonjwa apumzike.

Ushahidi. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: njia isiyouzwa dukani ndiyo yenye tafiti za kinga zinazovutia zaidi. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007, wazee 112 waligawanywa, wengine wakafundishwa taichi na wengine wakapewa mafunzo ya afya, kisha wote wakachanjwa dhidi ya virusi vya tetekuwanga, vile vile vinavyoleta mkanda wa jeshi. Waliofanya taichi walionyesha mwitikio mkubwa zaidi wa kinga dhidi ya virusi hivyo. Hiyo si influenza, na kupanda kwa vipimo vya damu si sawa na kuugua mara chache, lakini ni ushahidi uliopatikana kwa watu, tena kwa wale ambao kinga yao huanza kuchoka. Ni vyema kutambua pia kwamba hapo taichi ilifanya kazi pamoja na chanjo, haikuwa badala yake.

Usalama. Mzuri sana. Mwenye magoti mabovu asiiname sana, na mwenye kizunguzungu awe na kiti karibu.

Gharama na upatikanaji. Mazoezi yenyewe hayana malipo. Yanahitaji mahali pa kusimama na hewa, iwe uani, Coco Beach au varanda. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo. Gharama halisi ni uvumilivu, maana faida huonekana baada ya miezi ya kufanya mara kwa mara, na wengi huishia wiki ya pili.

Inamfaa nani. Wazee, wanaokaa ofisini siku nzima chini ya kiyoyozi, na wanaopona ugonjwa mrefu. Kijana ambaye tayari anakimbia au kucheza mpira hana haja ya kuacha anachokipenda ili aanze hiki.

## Kulingana na hali yako

Ikiwa wewe ni mtu mzima mwenye afya na bajeti ndogo, jikoni na mazoezi vinatosha, na fedha ambayo ungenunulia vidonge huenda ikawa na kazi bora zaidi kwenye matunda, mboga za majani na, ukiimudu, chanjo.

Ikiwa hushikwa na mafua mara nyingi kuliko wenzako, usianze na duka. Anza na daktari, akuangalie kama una pumu, mzio, upungufu wa damu, kisukari au VVU, kwa kuwa kila kimoja kati ya hivyo hujificha nyuma ya «kinga dhaifu». Vipimo vikiwa safi, mtaalamu aliyesajiliwa wa tiba ya Kichina anaweza kukupa Yu Ping Feng San kwa kipindi maalumu, nawe umwoneshe orodha ya dawa zako zote kabla ya kuondoka.

Ikiwa dalili zimeanza leo, jitazame kwanza kwa macho ya mapokeo uliyoyachagua: baridi na kamasi nyeupe zitakupeleka kwenye tangawizi na vitunguu vya majani, koo linalowaka litakupeleka kwenye mnanaa, au kwenye Yin Qiao San ambayo viambato vyake umevisoma. Chagua kimoja, na kama kina parasetamo, hicho ndicho parasetamo yako ya siku hiyo. Homa ikiwepo, kipimo cha malaria kitangulie yote haya, na ikiwa ni dengi inayoshukiwa, usimeze aspirini wala ibuprofeni.

Ikiwa unatunza mzazi mzee mwenye presha au kisukari, taichi ya polepole asubuhi na uji wa mchele jioni havitagongana na dawa zake, na chanjo ya mafua ni jambo la kumuuliza daktari wake katika miadi inayofuata. Vidonge vyenye mahuang au gancao visiingie katika nyumba hiyo bila idhini ya daktari.

Ikiwa tayari unakwenda kwenye akupancha kwa ajili ya mgongo, mwambie mtaalamu wako juu ya mafua unayoyahofia. Hutalipa zaidi kwa yeye kuongeza Zusanli. Ikiwa huendi, mafua peke yake hayatoshi kuwa sababu ya kuanza.

Na ikiwa mgonjwa ni mtoto, njia tatu kati ya nne zinaondoka mezani. Hubaki jikoni: vinywaji vya uvuguvugu, supu, na asali kwa aliyezidi mwaka mmoja. Mtoto anayepumua haraka, ambaye ngozi ya chini ya mbavu inavutwa ndani kila anapovuta pumzi, anayekataa kunyonya au anayelegea na kukosa nguvu, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.